Riba 'ikikusanywa', nani atakuja kuichukua?

MWISHONI mwa mwaka jana nilikuwa nyumbani Magunga, Suba Kusini, nikidhani nimekwenda kupumzika. Siku ya pili shemeji yangu akaja na bahasha ya kaki. Yeye ni mweka hazina wa chama cha akina mama wanaonunua omena ufuoni Nyandiwa na kuiuza sokoni Magunga, na wakati mwingine kuifikisha hadi Sori, upande wa Migori. "Yuora," akaniambia, yaani shemeji, "wewe ndiye mtu wa Kiswahili. Hebu soma hapa uniambie kosa letu liko wapi."

Ulikuwa mkataba wa mkopo wa Sh80,000 wa miezi 18, umetafsiriwa kutoka Kiingereza. Sentensi iliyowaponza ni hii: "Riba ya asilimia 3 itakusanywa kila mwezi." Wao waliielewa jinsi mimi na wewe tungeielewa. Kila mwezi atakuja mtu kuchukua riba. Wakatenga Sh2,400 mwezi baada ya mwezi, wakazifungia kwenye sanduku la chama, wakamngoja. Hakuja. Wakasema pengine atazichukua zote kwa mkupuo. Miezi 18 ilipotimia walikuwa na Sh80,000 za mkopo wenyewe na Sh43,200 za riba, wakazipeleka kwa furaha. Wakaambiwa deni ni Sh136,195. Pengo la karibu Sh13,000, na hiyo ni omena nyingi sana.

Niliomba kuiona nakala ya Kiingereza. Pale palikuwa na kitenzi 'accrue'. Neno hili Waingereza walilipata kwa njia ya Kifaransa kutoka kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kukua. Kinacho-'accrue' hakishikwi na mkono wa mtu. Kinaota juu ya kingine, kama riba inavyoota juu ya deni usiku watu wamelala. Lina ndugu yake, 'accumulate', ambalo asili yake ni 'cumulus', yaani rundo, jina ambalo wanasayansi wa hali ya hewa wamelipa wingu lile linalofanana na pamba iliyorundikwa. Kisha kuna 'amass', na hapo mwenye mkono anaonekana waziwazi: mtu anajirundikia mali.

Nadhani ninajua mtafsiri alipita njia gani. Alifungua orodha ya visawe. 'Accrue' ikampeleka kwenye 'accumulate', 'accumulate' ikampeleka kwenye 'gather', 'gather' kwenye 'collect', na 'collect' ikamtua kwenye 'kusanya'. Kila hatua ni fupi na inaweza kutetewa. Lakini kwa hatua nne tu kitu kilichokuwa kikikua chenyewe kimepata mtu wa kuja kukichukua mlangoni. Halafu wasomaji wenyewe ni wasemaji wa Dholuo, ambao kitenzi chao 'choko' ni kukusanya watu au vitu kwa mkono. Wangeielewaje vingine?

Kiswahili hakikukosa neno. Tunalo 'limbika', na kutokana nalo 'limbikiza'. Kamusi ya A.C. Madan ya 1903, na ile ya Frederick Johnson ya 1939 iliyojengwa juu yake, zinalieleza neno hili kwa mfano ambao mtu wa nyanda kavu ataupenda: kuliacha shimo la maji lijae polepole kabla hujateka. Matunda pia hulimbikwa hadi yawive. Kwa hivyo ndani ya neno mna muda, mna subira, na mna kidogo kidogo. Ndiyo maana tunasema malimbikizi ya madeni au malimbikizi ya mishahara, na walimu wetu wanayajua vizuri hayo ya mwisho. (Tafadhali usiyachanganye na 'malimbuko', mavuno ya kwanza. Nimewahi kusoma tangazo la mazishi lililoahidi familia 'malimbuko ya pensheni' ya marehemu. Ingekuwa heri.)

Jirani yake ni 'dunduliza', kuweka akiba kidogo kidogo. Hili ndilo akina mama wa Nyandiwa walilofanya kwenye sanduku lao. Linasikika zaidi Tanzania kuliko kwetu, na ni hasara yetu, kwa sababu 'kusevu' hakuna hata chembe ya ule uvumilivu.

Sasa ukienda ziwani utaona jinsi wasemaji wenyewe wanavyoyagawa maneno haya bila kufundishwa na yeyote. Mwaka 2020 Ziwa Viktoria lilipanda hadi kikavunjwa kiwango kilichowekwa 1964, na nyumba nyingi za ufuoni zikaingiliwa na maji. Sikumsikia mtu hata mmoja akisema maji 'yamekithiri' au 'yamelimbikizwa'. Maji yalipanda. Yalijaa. Udongo unaoteremshwa na mvua kutoka milima ya Gwassi ukifika chini hutuama, ukawa mashapo. Gugumaji huenea. Takataka hurundikana. Mawimbi huzidi. Kiingereza kingeweza kulazimisha vitenzi viwili vitatu vifanye kazi hiyo yote. Sisi tunauliza kwanza ni kitu gani, kinakwenda juu au chini au kando, na kama kuna mtu nyuma yake.

Wanahabari wetu, ambao nawapenda ingawa hawaamini, wamelidhulumu sana 'kithiri'. Asili yake ni Kiarabu na maana yake ni kuwa kingi, lakini katika Kiswahili cha leo limeshachukua upande: ni kile kilichozidi hadi kikakera. Ufisadi hukithiri, ajali hukithiri. Juzi mtangazaji akasema mapato ya kaunti yamekithiri. Nikajiuliza, yanamkera nani?

Lawama nyingine ni yetu walimu. Nimefundisha zaidi ya miaka 30, na katika miaka hiyo yote nimeona vitabu vya mazoezi vikimpa mtoto safu ya maneno, 'ongezeka, zidi, kithiri, limbikizwa, kusanyika', na kumwambia kwamba ni visawe. Mtoto hukariri, hupata alama zake, hukua, huajiriwa kutafsiri mikataba. Na neno 'riba' lenyewe, ambalo pia ni la Kiarabu, linatokana na mzizi wenye maana ya kuongezeka. Kuongezeka tayari kumo ndani yake. Kinachopaswa kuelezwa katika mkataba ni jinsi linavyoongezeka: juu ya mkopo peke yake, au juu ya mkopo pamoja na riba ya jana.

Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu. Sheria ya Benki nayo, kifungu cha 44A, inaweka ukomo: mkopo ukishakwama, riba inayotozwa kuanzia hapo haiwezi kuzidi salio la mkopo wenyewe lilivyokuwa siku ulipokwama. Mawakili wanaita kanuni hiyo kwa jina la Kilatini. Aliyewakopesha akina mama hawa hakuwa benki, kwa hiyo simhukumu kwa kifungu hicho. Lakini kama ukomo unaandikwa kwa Kilatini, na deni linaandikwa kwa Kiswahili cha kubahatisha, basi mkopaji wa Magunga amebaki na kipi?

Yote haya nilimweleza shemeji yangu chini ya mwembe, kwa madaha kidogo, nakiri. Nikamalizia kwa kumwambia kwamba mtafsiri alipaswa kuandika: "Riba italimbikizwa."

Akaniangalia. "Na hilo nani angelielewa hapa?"

Nilinyamaza. Nikajaribu tena, na safari hii sikutafuta kitenzi kimoja cha kubeba kazi yote. "Riba msiyoilipa mwezi huu itaongezwa kwenye deni, na mwezi ujao mtatozwa riba ya deni lote hilo. Hakuna atakayekuja kuichukua, mtaileta wenyewe."

Akatoa kalamu, akaiandika kwenye daftari la chama, nyuma ya orodha ya waliochelewa kulipa mchango. Kisha akaniuliza kama Sh13,000 zile zinaweza kulipwa kidogo kidogo, na kama huko kulipa kidogo kidogo nako kuna riba.