Chembe ya Kinywe Inavyovishwa Ganda

Mchimbaji wa tanzanaiti wa Mirerani hahitaji kuelezwa kinywe ni nini. Miamba anayoifuata chini ya ardhi imejaa madini hayo, na akipanda juu huwa amepakaa weusi unaong'aa kuanzia nywele hadi kucha. Weusi huo ni kaboni tupu, iliyopangika katika tabaka nyembamba zinazoteleza moja juu ya nyingine. Penseli huandika kwa sababu hiyo, na kwa miaka mingi sababu hiyohiyo iliwakosesha raha wanakemia wa betri.

Kati ya tabaka hizo kuna nafasi ya nanomita 0.335. Ayoni za lithiamu hujipenyeza humo betri inapochajiwa, zikatoka inapotumika. Kila atomi sita za kaboni hubeba lithiamu moja, na hesabu yake inafika miliampia-saa 372 kwa gramu. Kwenye daftari mambo yalikuwa safi kabisa. Kwenye maabara za miaka ya 1970 yalikuwa balaa: kimiminika kilichobeba lithiamu, yaani elektroliti, kiliingia pamoja nayo, tabaka zikatanuka, zikabanduka, na elektrodi ikaishia kuwa unga.

Rachid Yazami, mwanasayansi wa Morocco aliyezaliwa Fes, alipata upenyo mwaka 1980 akiwa Grenoble, Ufaransa. Aliachana na kimiminika, akatumia elektroliti yabisi ya polima. Kitu kigumu hakipenyi kati ya tabaka. Lithiamu ikaingia peke yake na kutoka peke yake, kinywe kikabaki kizima. Ulikuwa ushahidi usiopingika, ila polima ile ilipitisha ayoni kwa uvivu mno kwenye joto la kawaida, na mtengenezaji wa kamera hawezi kumwambia mteja aipashe betri moto kwanza. Ndiyo maana Sony ilipoingiza sokoni betri ya kwanza ya ayoni za lithiamu mwaka 1991, upande wake hasi haukuwa na kinywe. Ulikuwa na kaboni ya koki, yenye mpangilio hafifu: hubeba lithiamu kidogo, lakini haibanduki.

Jibu lilipatikana kwa kubadilisha kimiminika chenyewe. Mwaka 1990, Jeff Dahn na wenzake nchini Kanada walieleza kinachotokea elektroliti ikiwa na ethilini kaboneti. Katika chaji ya kwanza, sehemu yake huvunjika juu ya uso wa kinywe na kuacha utando mwembamba sana. Utando huo huruhusu lithiamu kupita na kukizuia kimiminika. Gharama yake hulipwa papo hapo, kwa sababu lithiamu iliyotumika kuujenga hairudi tena kazini. Uso ukiwa mkubwa, hasara inakuwa kubwa. Karibu kila mashine iliyoko leo kati ya mgodi na betri inafanya kazi chini ya amri hiyo moja.

Hatua ya mgodini ni nyepesi kuliko zinazofuata. Mwamba husagwa, hutiwa majini pamoja na mafuta kidogo, kisha hewa hupulizwa. Kinywe hakipendani na maji, kwa hiyo hupanda na povu na kuliacha jiwe chini. Kinachokusanywa huwa na kaboni ya asilimia 94 hadi 97, kikiwa vipande bapa kama magamba.

Magamba hayo hayafai kwa betri yalivyo. Lithiamu huingilia pembeni mwa tabaka tu, haitoboi katikati. Magamba yakilala bapa juu ya karatasi ya shaba ya elektrodi, milango yote inatazama ubavuni, na ayoni inalazimika kuzunguka mbali ili iingie. Dawa yake ni kuyapitisha kwenye vinu vya hewa, kimoja baada ya kingine. Kwanza hupunguzwa hadi mikromita 10 au 20 hivi, halafu hugongwa polepole hadi kingo zinajikunja kwa ndani na chembe inakuwa na umbo la kiazi mviringo. Milango sasa inatazama kila upande, uso umepungua, na ujazo uleule unabeba takriban uzito maradufu.

Hapa ndipo hesabu inapouma. Mara nyingi zaidi ya nusu ya kinywe kilichoingia vinuni hutoka kama vumbi lisilofaa kwa betri, na mwenye kiwanda hubaki akitafuta mnunuzi wa vumbi hilo, kwa mfano viwanda vya chuma. Mtu anayezidisha tani za mgodini kwa bei ya kinywe cha betri anajidanganya mwenyewe.

Chembe za mviringo husafishwa hadi kaboni ifike asilimia 99.95. China imezoea kutumia asidi ya haidrofloriki, kali kiasi cha kuyeyusha kioo, na uchafu wake ni mzigo kwa mito na majirani. Njia nyingine ni joto kali linaloteketeza umeme mwingi. Kisha huja lami. Huchanganywa na chembe na kuokwa pasipo oksijeni kwenye nyuzi 1,000 za Selsiasi au zaidi, hadi inabaki ngozi ya kaboni isiyo na mpangilio. Yaani kaboni ya aina ileile ya koki imerudi kazini, safari hii kama koti la kinywe.

Kinywe cha kutengenezwa kina ukoo mwingine. Mmarekani Edward Acheson alipata hataza yake mwaka 1896, na tanuri zenye jina lake bado huchoma koki ya mafuta karibu na nyuzi 3,000. Bidhaa yake ni safi na hudumu, bili yake ya umeme haina huruma.

Zaidi ya asilimia 90 ya kazi ya kuviringisha kinywe cha asili hufanyika China, na tangu Desemba 2023 nchi hiyo inadai kibali kabla bidhaa hiyo haijasafirishwa nje. Kampuni ya Syrah, inayochimba Balama, Msumbiji, kusini mwa mto Ruvuma, imejenga kiwanda cha hatua hizo Vidalia, Louisiana, kilichoanza uzalishaji mwaka 2024. Kwa hiyo kinywe cha Msumbiji kinavuka bahari ndipo kivishwe koti.

Upande wa Tanzania, matangazo ya miradi hupenda kusifu magamba makubwa. Jina la mradi wa Lindi Jumbo linajisemea. Sifa hiyo ni ya kweli kwa bei, kwa sababu magamba makubwa hutakiwa kwenye vifaa vya kuhimili moto. Mtengenezaji wa betri atayasaga tu. Ndiyo maana POSCO ya Korea Kusini, ambayo ndani ya kundi lake kuna kampuni ya kutengeneza elektrodi hasi, ilipofunga mkataba na mradi wa Mahenge, wilayani Ulanga, iliomba chembe ndogo.