Lafudhi kama Barakoa: Usanii wa Mzee Ojwang' na Masikio ya Kibera na Kawangware

Uhakiki wa tamthilia ya Kiswahili umeshughulikia maandishi zaidi ya waigizaji, na futuhi za televisheni zimeachwa zihesabiwe kuwa burudani tupu. Upungufu huo unadhihirika katika kazi ya Benson Wanjau, aliyefariki tarehe 12 Julai 2015 na aliyejulikana kote nchini Kenya kwa jina la Mzee Ojwang'. Makala haya yanadai kwamba nguzo ya usanii wake ni lafudhi, na kwamba thamani ya lafudhi hiyo haiwezi kupimwa pasipo kuzingatia hadhira ya mitaa kama Kibera na Kawangware jijini Nairobi, ambako namna ya kutamka neno imewahi kuwa suala la uhai na mauti.

Wanjau alikuwa Mkikuyu; Ojwang' wa Vitimbi ni Mjaluo. Kiisimu, kazi hii si nyepesi. Kijaluo hakina sauti /sh/, hivyo "shamba" huelekea kuwa "samba". Kikuyu nacho hakitofautishi /l/ na /r/. Mwigizaji alilazimika kuficha athari za lugha yake ya kwanza na kujivika za lugha nyingine, mwaka baada ya mwaka, bila barakoa kuteleza. Alifaulu kiasi cha kwamba watazamaji wengi hawakuwahi kushuku asili yake, na baadhi yao waliijua alipofariki.

Mbinu yenyewe haikuwa yake peke yake. Futuhi za KBC, Vitimbi na Vioja Mahakamani, zilijengwa juu ya wahusika wanaotambulika kwa matamshi na majina: Masanduku arap Simiti anachekesha kabla hajafungua kinywa. Hata katika futuhi ya kale ya Italia, Pantalone alisema lahaja ya Venice na Daktari ile ya Bologna. Hatari ya mbinu hii ni dhahiri. Mhusika anaweza kubaki bapa, kabila likachukua nafasi ya tabia, na hadhira ikazoeshwa kumtambua mtu kwa sikio.

Je, Ojwang' anaepuka mtego huo? Kigezo kinachofaa ni hiki: lafudhi ikiondolewa, kichekesho kinabaki? Kwa Ojwang' kinabaki. Kinachochekesha ni kiburi cha mume anayedai ukuu nyumbani ilhali mkewe, Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere, anamzidi busara. Udhaifu huo ni wa wanaume wa kila kabila. Lafudhi inampa Ojwang' kwao. Haimpi kosa lake. Waigaji wengi waliofuata hawakuliona hilo. Walichukua matamshi wakaacha tabia, na kilichobaki ni dhihaka kwa jamii nzima.

Tofauti hiyo ina uzito wa pekee Kibera na Kawangware. Huko vyumba hupakana, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wapangaji wa ploti moja, kila mmoja akikisema kwa mwangwi wa kwao. Baada ya matokeo ya urais kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, ghasia zilizoua zaidi ya watu 1,100 nchini ziliwakuta majirani hao wakifukuzana kwa misingi ya kabila. Kawangware ilishuhudia machafuko tena Oktoba 2017. Nyakati hizo jina na matamshi vilitosha kumhukumu mtu. Sikio lililokuwa likicheka mbele ya televisheni liligeuka kuwa hakimu.

Ingekuwa ghiliba, basi, kudai kwamba kicheko cha Vitimbi kiliwaunganisha Wakenya. Hakikuzuia panga lolote. Hata hivyo, si haki kuihesabu kazi ya Wanjau kuwa sehemu ya tatizo. Anayemhukumu jirani kwa matamshi huamini kwamba lafudhi ni damu. Mkikuyu aliyepokewa kwa miongo kadhaa kama Mjaluo, hata na Wajaluo wenyewe, ni ushahidi kwamba lafudhi hufunzwa, huvaliwa na kuvuliwa. Ushahidi huo haukuwahi kutamkwa katika kipindi chochote. Ulikuwa katika kinywa cha mwigizaji. Hadhira ilimcheka Ojwang' bila kumsikia Wanjau, na hapo ndipo ulipo ushindi wa usanii wake, na pia hasara ya waliomtazama.