Kiti cha Mtazama Nyota

Watu wanaonitembelea usiku na kuikuta darubini yangu imesimama uani huniuliza maswali matatu, na karibu kila mara kwa mpangilio ule ule. Huuliza iliuzwa kiasi gani, huuliza inaona umbali gani, kisha huuliza kama mtu anaweza kuiona bendera ya Wamarekani kule mwezini. Jibu la swali la tatu ni kwamba hawezi. Lakini hajatokea hata mmoja aliyeniuliza habari za kiti. Siwalaumu, kwani kwa miaka kadhaa hata mimi mwenyewe sikujiuliza. Nilijali kioo, nikajali lenzi, nikajali mawingu. Kiti nilikihesabu kuwa jambo la sebuleni.

Katika kurasa hizi nataka kuvihakiki viti, kama vile wenzangu wanavyohakiki mashairi na riwaya. Msomaji asicheke. Nimekalia vingi, viwili vimeniangusha, na siku moja kukosa kiti kulininyima neno la kweli kutoka kwa mzee ninayemheshimu sana.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 27 Julai 2018. Usiku huo mwezi ulipatwa kikamilifu kwa dakika 103, muda mrefu kuliko kupatwa kwingine kote kwa mwezi katika karne hii ya 21, na sisi wa Dodoma tulijaliwa kuuona mwanzo hadi mwisho. Majirani walianza kufika uani mapema. Tulipokuwa tukingoja, yapata saa tatu, niliielekeza darubini kwenye sayari ya Zohali ili wageni waone pete zake, maana miaka ile pete zilikuwa zimeinama kwetu vizuri na kuonekana wazi. Watoto waliangalia, wakapiga kelele. Akina mama waliangalia, wakacheka. Kisha akaja mzee jirani yangu, mstaafu wa shirika la reli, mwenye nyonga iliyokwisha kumsaliti. Akaegemea mkongojo wake, akainama kidogo, akakunja shingo, akakaa hivyo kwa muda ambao hata pumzi kumi hazikufika. Akainuka akasema, "Nimeiona, mwanangu. Mungu ni mkubwa."

Nilifurahi mno. Wiki mbili baadaye mjukuu wake, mtoto wa darasa la tano asiyejua kuficha jambo, aliniambia: "Babu alisema aliona kope zake tu."

Neno hilo lilinichoma, nami nikalichunguza. Darubini yangu ni ya aina iliyoenezwa na John Dobson, yule Mmarekani aliyefariki mwaka 2014, ambaye alifundisha watu wa kawaida kutengeneza darubini kubwa kwa mbao na makaratasi magumu, kisha akawatolea wapita njia wa San Francisco zile zake wazitumie bure. Kioo chake kiko chini, mwisho wa bomba. Lenzi ya kutazamia iko juu, ubavuni, karibu na mdomo wa bomba. Basi bomba likiinuka, lenzi nayo huinuka. Likilala, lenzi hushuka. Nilichukua utepe wa fundi nikapima. Bomba likielekea utosini, lenzi iko sentimita 150 kutoka ardhini. Likielekea nyuzi 30 juu ya upeo wa macho, iko sentimita 112. Likielekea nyota zinazochomoza, hushuka hadi 90. Nikajipima na mimi: nikikaa wima, jicho langu liko sentimita 75 juu ya kalio la kiti.

Hesabu iliyobaki haihitaji msomi. Kwa nyota ya utosini nahitaji kiti cha sentimita 75. Kwa ile ya nyuzi 30, kiti cha 37. Kwa ile inayochomoza, kiti cha 15. Na kwa mtu mzima anayesimama, sentimita 150 ni kipimo kiovu kuliko vyote: ni chini mno kusimama wima, tena ni juu mno kukaa. Mtu hubaki katikati, ameinama nusu, kama anayechungulia dirisha la watu.

Tena mwanga unaotoka kwenye lenzi si mwanga wa taa ujazao chumba. Nilikuwa nimekuza mara 150, na kioo changu kina upana wa sentimita 30. Gawanya upana wa kioo kwa ukuzaji, utapata milimita 2. Huo ndio upana wa uzi wa mwanga ambao mboni ya jicho lazima iukute na ikae juu yake bila kutikisika. Mwenye shingo iliyokunjwa na mguu unaouma hutikisika, hata kama yeye mwenyewe hajihisi. Jicho huukosa uzi ule, na kinachobaki mbele yake ni weusi na kope. Mzee hakukosa macho. Alikosa mahali pa kukaa.

Hapo ndipo nilipoanza kuvichunguza viti.

Cha kwanza ni kiti cha plastiki, kile kinachopatikana kila nyumba, kila msiba na kila harusi. Sifa yake ni kwamba kipo. Lakini kimo chake ni kimoja, sentimita 43 hivi, na kwa hesabu yangu kinatumikia ukanda mmoja mwembamba wa anga. Juu ya hapo unanyoosha shingo, chini ya hapo unaivunja. Mikono yake huzuia magoti yasiisogelee darubini. Nilijaribu kupandanisha vitatu nipate kimo, na hicho ndicho kiti cha kwanza kilichoniangusha.

Cha pili ni mbuzi ya kukunia nazi. Nilikitumia baada ya kuking'oa chuma chake chenye meno, nami nawasihi wasomaji wafanye hivyo kabla ya kukalia, si baadaye. Kwa Kilimia kinachochomoza, au kwa nyota yoyote iliyo chini karibu na milima, sijapata kiti bora zaidi: mtu yuko chini, miguu imetulia ardhini, wala hakuna mahali pa kuangukia. Lakini baada ya saa mbili nyota imepanda, na mbuzi imebaki pale pale.

Cha tatu ni stuli ndefu ya baa. Hiyo ina kimo cha utosini, na kwetu utosi ni jambo kubwa. Vitabu vingi vya elimu hii vimeandikwa na watu wa mbali na ikweta, na ushauri wao wa viti hufuata anga lao. Mwaka huo wa 2018 mtu wa London aliiona Zohali ikipanda nyuzi 16 tu hata ilipofika juu kabisa. Sisi wa Dodoma ilitupitia kwenye nyuzi 74. Yeye anahitaji kigoda, mimi nahitaji stuli. Hata hivyo stuli ya baa ilitengenezwa kwa ajili ya sakafu ya saruji. Katika mchanga wa uani mguu mmoja huzama kuliko mingine, na aliyekaa juu hushuka pamoja nao. Hicho ndicho kiti cha pili kilichoniangusha. Na kumwambia mzee wa nyonga mbovu apande juu yake gizani ni kumkosea adabu.

Cha nne niliazima kwa kijana wa bendi: stuli ya mpiga dramu. Ni kiti cha heshima. Miguu yake mitatu hukaa sawa hata kwenye ardhi yenye mabonde, na kalio lake lina skurubu, hupanda na kushuka kwa kuzungushwa. Upungufu wake ni kwamba hupanda kidogo tu, na ili kukizungusha lazima uinuke, uiache lenzi, uitafute tena nyota. Kwa darubini fupi ningekipa nafasi ya kwanza. Kwa yangu, kinaishia katikati ya njia.

Cha tano ndicho ninacho sasa. Watazama nyota wa Marekani wana kiti cha mbao wanachojitengenezea wenyewe, wanachokiita kwa jina la mji wa Denver. Umbo lake ni kama ngazi ya kukunja. Miguu ya mbele ni mbao mbili zilizolala kidogo, na kalio limezikumbatia kwa nyuma na kwa mbele bila msumari. Likiwa tupu, kalio huinuliwa kwa mkono mmoja na kusogezwa popote. Ukilikalia, uzito wako hulisukuma chini kwa mbele, nalo huziuma zile mbao na kukwama hapo hapo. Kinachokubeba ni msuguano tu. Nilimchorea fundi seremala, akatikisa kichwa, akasema kiti kisicho na msumari si kiti. Hata hivyo akakitengeneza, kwa mninga, kikatoka kizuri kuliko mchoro.

Uzuri huo ndio uliotuponza. Fundi, kwa kuipenda kazi yake, alikipaka vanishi kila mahali. Nilipokikalia mara ya kwanza kiliteremka nami taratibu hadi chini, kama anayeshushwa kwa heshima. Tulikwangua vanishi kwenye zile mbao mbili, tukabandika vipande vya tyubu ya baiskeli ndani ya mdomo wa kalio, na tangu hapo hakijateleza. Nilimwomba pia aongeze ubao wa kuwekea miguu, kwani miguu inayoning'inia huvuta mgongo, na mgongo huvuta jicho. Egemeo la nyuma sikuliomba: mtazamaji huinamia mbele, na egemeo huwa la mapambo. Kasoro zake nazikiri. Ni kizito, na wakati wa masika mbao huvimba, kalio likagoma kupanda. Lakini kinanifuata kuanzia nyota ichomozayo hadi ile ya utosini, na ndiyo kazi niliyokitaka.

Mhakiki mwaminifu hana budi kusikiliza upande wa pili. Ipo picha mashuhuri ya mwaka 1914 ya Percival Lowell, katika kituo alichokijenga Flagstaff, Arizona, akiwa ameketi kwenye kiti kirefu cha ngazi mbele ya darubini kubwa ya inchi 24, akiitazama Zuhura mchana. Amekaa vizuri kuliko nilivyowahi kukaa mimi. Ndiye huyo huyo aliyechora na kutangaza kwa miaka mingi mifereji ya Mirihi, iliyochimbwa, kwa imani yake, na viumbe wenye akili. Mwaka 1965 chombo cha Mariner 4 kilipita karibu na Mirihi na kuleta picha za mashimo na jangwa, mifereji haikuwepo. Basi kiti chema hakimpi mtu ukweli. Lowell aliona alichokuwa akikitamani.

Nimelifikiria hilo mara nyingi, kwa sababu linamgusa mzee wangu, tena linanigusa mimi. Yeye alisema ameona kwa kuwa alijua ndilo neno nililokuwa nikilisubiri. Alinitendea wema, na wema huo ulificha kosa langu. Kama mtoto asingeropoka, hadi leo ningejisifu kwamba nimewaonyesha pete za Zohali wageni wote. Huwezi kujua kama mtu ameona kwa kumuuliza, "Umeona?" Mgeni mwenye adabu atakujibu ndiyo. Inabidi umkalishe, unyamaze, usubiri atakachokisema yeye.

Mwaka uliofuata, mwishoni mwa Septemba, nilikwenda kumbisha hodi. Nikamwamkia, nikamwambia kwamba nimepata kiti na ningependa anisaidie kukijaribu. Hakuuliza kwa nini. Sikumwita jioni, Zohali ikiwa juu. Nilimwita saa nne na robo usiku, ilipokuwa imeteremka hadi nyuzi 45 upande wa magharibi, ili kalio lisipande mno. Nililiweka sentimita 55. Mjukuu alimshika mkono wa kulia, mimi wa kushoto, akakaa, akaweka miguu kwenye ubao wake na mkongojo mapajani. Akaisogelea lenzi.

Hakusema kitu. Mjukuu alifungua kinywa, nikamwashiria anyamaze. Kwa ukuzaji ule nyota huvuka lenzi kwa muda usiofika dakika moja na nusu, kwa kuwa dunia inazunguka, na darubini yangu haina mashine ya kuifuata. Nilihesabu kimoyomoyo. Nilipofika themanini na kitu mzee alishtuka.

"Mbona inatoroka?"

Nilimweleza kwamba haitoroki. Sisi ndio tunaozunguka na kuiacha. Alitafakari, jicho bado likiwa kwenye lenzi tupu.

"Kama stesheni," akasema. "Unaiona inaondoka, kumbe ni treni."

Nikaisukuma darubini kidogo, Zohali ikarudi, naye akaendelea kutazama. Kahawa aliyoletewa ilipoa pale alipo.