Mkwezi na mita ya mwisho

Delta ya Rufiji ni tope, mikoko na maji ya chumvi. Mwamba wa kukwea hakuna. Kupanda bila ngazi, hata hivyo, ni kazi ya kila siku kuanzia mashamba ya Kibiti hadi visiwa vya delta, na kinachopandwa ni mnazi mrefu wa asili, unaoweza kupita mita 20. Katika Olimpiki ya Tokyo, wapanda miamba mifupi waliwekewa ukuta wa mita 4.5 na magodoro chini. Chini ya mkwezi kuna mizizi na vifuu.

Mgeni humtazama mikono, kumbe kazi iko kwenye nyayo. Mkwezi hujitia kitanzi cha kamba miguuni, kisha hubana shina kwa nyayo mbili. Kamba ikikazika, miguu haiachani, na kadiri anavyoulemea mti ndivyo anavyoubana. Hukunja magoti, hukaza, hunyooka; mikono hufuata. Mikono inamzuia tu asiende kinyumenyume. Anayejivuta kwa mikono huishiwa nguvu katikati ya mti.

Shina nalo lina msaada wake. Kila kuti linalodondoka huacha pete, na mnazi hutoa takriban kuti moja kwa mwezi, kwa hiyo unyayo haukosi pa kukwama. Mnazi ulioinama hupandwa upande wa mgongo. Ukimpeleka mtu upande wa tumbo, ananing'inia.

Wapo wanaochonga vidato kwa panga, hasa wagema, ambao hurudi kwenye mti uleule asubuhi na jioni. Ni njia ya haraka, lakini anayelipa ni mti. Mnazi hauzibi jeraha kama mwembe, na sehemu ngumu ya shina lake ni ya nje, ileile inayochongwa. Kidato hakifi mpaka mti ufe, na maji ya masika hutuama humo. Kwa shamba la kurithisha watoto, kamba ni bora.

Ugumu wenyewe uko kileleni. Makuti yametanda pande zote juu ya kichwa, nazi zimening'inia chini yake, na mkwezi sharti atoke kwenye shina aingie juu ya upenu huo. Kuti kavu huchomoka, kwa hiyo hushika bichi, tena kwenye shina lake, kiganja kikigusa kilifu. Husogeza nyonga karibu na mti, hupenyeza bega kati ya makuti mawili, goti hufuata, ndipo hukaa. Na hapo ndipo sisimizi waitwao maji moto humvamia, wakati hana mkono wa kuwapangusa. Mkulima hataki waondoke, maana ndio wanaowakabili kunguni wa minazi wanaopukutisha vidaka.

Huko India, Bodi ya Maendeleo ya Nazi ilianza mwaka 2011 kuwafunza vijana kupanda kwa mashine ya vikanyagio viwili. Mashine inamaliza tabu ya shina. Juu bado mtu anashika makuti. Kinachopaswa kuanza Kibiti ni mkanda wa kiunoni wenye kamba ya kuzungushia shina chini ya makuti, ufungwe kabla panga halijachomolewa. Vifaa vyake ni kamba imara na fundo la uhakika, na fundo wavuvi wa Nyamisati wanalijua.