Simba wa 2003 hakuwa wetu
Katiba ya mpito ya Aprili 2003 mnaikumbuka. Mahali pa chui, kwenye nembo ya Jamhuri, pakawekwa kichwa cha simba. Lilikuwa kosa, na halikuwa dogo. Waliokaa kuiandika walibeba kazi nzito ya kuunganisha nchi iliyokatwa vipande. Sisi wa Mabanga, tuliokuwa chini ya waasi wa RCD hapa Goma, tulikijua kipande chetu. Lakini nembo hairithishwi namna ile.

Walichokuwa wanakimbia nakielewa: kofia ya Mobutu ya ngozi ya chui. Wakaona kumfuta mnyama ni kumfuta mtu. Pupa tupu! Kichwa cha chui kilikuwamo katika Katiba ya Luluabourg ya 1964, Mobutu akanyakua madaraka Novemba 1965. Na kabla ya karatasi yoyote, meno ya chui yalikuwa pambo la wakubwa wa bwami, chama cha jadi cha Walega. Mobutu aliikuta mali ya ukoo akaitumia vibaya. Tangu lini mrithi mbaya akifukuzwa, na urithi nao hutupwa?

Halafu simba yule ni wa nani? Itazameni nembo ya Kongo ya Leopold II: simba ndani ya ngao, simba wengine wawili wameishika kando. Yaani wa nyumbani tulimtoa, tukamrudisha wa Mbelgiji. Nililalamika timu ya taifa ilipoitwa Simba badala ya Chui, na silegezi. Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika Kombe la Afrika la 1974 akiwa Chui.

Waskoti wanalijua jambo hili. Mrithi hupokea nembo ya baba kama ilivyo. Mdogo wake humwomba Lord Lyon, msimamizi wa nembo zao, alama ya kumtofautisha, mara nyingi pindo la kuzunguka ngao, kisha huandikwa katika daftari lililowekwa kwa sheria ya 1672. Mnyama wa ukoo anabaki. Watu wa 2003 pindo lingewatosha. Kaulimbiu walikwisha kuibadili ikawa Demokrasia, Haki, Umoja. Enzi mpya ingejulikana kwa hilo, chui akae palepale.

Katiba ya 2006 ilisahihisha katika ibara ya kwanza: kichwa cha chui, pembe ya ndovu kushoto, mkuki kulia, vyote juu ya jiwe. Safi. Nanyi mnaochora kuta za ofisi hapa Karisimbi, isomeni ibara hiyo kabla ya kushika brashi: mkuki ni kulia.