Nani Atausoma Mswada?

Kinyozi hajinyoi. Methali hii tumeifundisha madarasani kwa maana ya kusaidiana, lakini sioni anayeihitaji kuliko mwandishi. Aliyeandika kitabu hukiona kile alichokusudia kukisema, na macho yake hupita juu ya kile alichokisema kweli. Kwa hiyo mswada wowote, hata wa fundi, wahitaji jicho la pili kabla ya kufika kwa mpiga chapa. Swali ni jicho la nani, tena la namna gani.

Katika historia ya uandishi wa Afrika Mashariki uko mfano unaostahili kuchunguzwa. Juni 1962, waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza walikutana Makerere, Kampala. Walikuwapo Wole Soyinka na Christopher Okigbo wa Nigeria, Ezekiel Mphahlele wa Afrika Kusini, Grace Ogot wa Kenya, na Chinua Achebe, ambaye wasomaji wengi wa Kiswahili walimjua baadaye kwa Shujaa Okonkwo, tafsiri ya riwaya yake ya 1958. Alikuwapo pia mwanafunzi wa chuo hicho hicho, James Ngugi, mwenye umri wa miaka 24, aliyealikwa kwa ajili ya hadithi fupi alizokwisha kuchapisha. Kijana huyu alikuwa na mswada wa riwaya. Akampa Achebe ausome.

Achebe naye hakuwa mzee. Alikuwa na miaka 31 na riwaya mbili zilizochapishwa. Aliusoma mswada, akampa kijana maoni yake, kisha akaufikisha kwa wachapishaji wa Heinemann. Mwaka 1964 ukatoka kitabu, Weep Not, Child. Mwandishi wake ndiye tuliyemjua baadaye kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025.

Wengi wanaposimulia habari hii hutaja bahati. Mimi naona kazi tatu zilizofanywa kwa mpangilio. Kwanza, Achebe alisoma. Pili, alisema alichokiona. Tatu, alipoona mswada unafaa, aliupeleka palipo na mlango. Ukiondoa ya kwanza, ya pili inakuwa porojo. Ukiondoa ya pili, ya tatu inakuwa upendeleo. Na ukiondoa ya tatu, mwandishi anabaki na sifa zisizochapishwa.

Sasa tutazame semina zetu. Mama mmoja niliyemfundisha chuo cha ualimu, ambaye sasa ana wajukuu, aliandika masimulizi ya mama yake kuhusu Wameru walivyofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951. Aliupeleka mswada wake, wenye kurasa 140, kwenye semina ya waandishi hapa mjini Arusha. Ulirudi umejaa wino mwekundu. Palipoandikwa "l" badala ya "r" palirekebishwa, vituo viliongezwa, na mwishoni yakaandikwa maneno mawili tu: "Kazi nzuri." Aliniletea nyumbani akaniuliza, "Shikamoo Mwalimu. Je, hii ni kazi nzuri?" Swali lilikuwa la haki, kwa sababu wino wote ule haukulijibu.

Sisi walimu tunaufahamu ugonjwa huu. Kusahihisha ni kutazama neno limekosewa wapi. Kuhakiki ni kutazama kitabu kinataka kwenda wapi, na ni nini kinachokizuia kufika. Mswada waweza kuwa safi kama sare ya Jumatatu na bado usiwe na uhai. Waweza pia kuchechemea kwa tahajia huku umebeba jambo ambalo hakuna mwingine awezaye kulisema.

Niliusoma kwa siku nne. Kurasa 30 za mwanzo zilieleza utawala wa Waingereza na amri zao, mambo ambayo msomaji aweza kuyapata kwingine. Mwaka 1967 Kirilo Japhet, aliyepeleka malalamiko ya Wameru Umoja wa Mataifa mwaka 1952, alitoa pamoja na wakili Earle Seaton kitabu cha Kiingereza juu ya kesi hiyo ya ardhi. Lakini kwenye ukurasa wa 41 nilimkuta mama yake, msichana wakati ule, njiani kuelekea Kingori, anageuka nyuma kuchukua jiwe la kusagia. Anakatazwa, analibeba hata hivyo. Nikaweka kalamu chini.

Nikamwambia, "Mama, kitabu chako kinaanzia hapa."

Akanijibu, "Mwalimu, jiwe la kusagia si historia."

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Nilimwonyesha kwamba kesi imekwisha kuandikwa na walioisimamia, ila uzito wa jiwe lile kichwani mwa msichana haumo kwenye hati yoyote. Hakukubali yote. Zile kurasa 30 amezipunguza hadi 12, na hizo 12 anazitetea kwa hoja nzuri. Hivyo ndivyo ipasavyo kuwa. Mhakiki hutoa ushauri. Mwenye kitabu hubaki kuwa mwenye kitabu.

Lakini Makerere ina upande wa pili, na sitaki kuupita kimyakimya. Mlango ule ulifunguliwa kwa walioandika Kiingereza peke yao. Shaaban Robert, aliyekuwa ameandika mashairi, insha na riwaya kama Kusadikika kwa Kiswahili, hakuwa na nafasi katika mkutano ule, na alifariki mwezi huo huo wa Juni 1962. Na ni Ngũgĩ mwenyewe, aliyefunguliwa mlango, ambaye katika maandiko yake ya mwaka 1986 aliuliza kwa ukali ni nani walioachwa nje.

Kiswahili nacho kilikuwa na wasomaji wake wa miswada. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilipitia miswada ya vitabu vya shule na kuvipa idhini, ikitazama usanifu wa lugha, na katika miaka yake ya mwanzo waliokaa mezani walikuwa Wazungu. Yumkini ndiko tulikorithi wino wetu mwekundu: kuuliza kama Kiswahili ni sanifu kabla ya kuuliza kama kisa ni cha kweli.

Leo yako mashindano. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu hutolewa tangu mwaka 2023, na tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell imepokea hata miswada isiyochapishwa. Nayafurahia haya. Ila shindano humtafuta mshindi. Si kazi yake kukaa na aliyeshindwa na kumwonyesha ukurasa wake wa 41.

Kazi hiyo ni yetu, hasa sisi wastaafu tulio na macho na muda, kuanzia Usa River hadi Monduli. Ndugu msomaji, ukiletewa mswada, usome wote kabla hujasema neno. Taja ukurasa. Sema palipokuchosha na palipokuamsha. Kisha, ukiona unafaa, usiurudishe mikononi mwa mwenyewe na kumtakia heri. Mfahamu mchapishaji mmoja, na umwandikie barua.