Kisa Kisicho na Mji: Juu ya Odradek wa Franz Kafka

Katika desturi yetu ya vitendawili, mwenye kutega asipojibiwa hudai mji, naye akiisha kupewa hana budi kulifumbua fumbo lake. Desturi hii ni njema, walakini yaweza kutupoteza tusomapo visa ambavyo havikuficha jibu lo lote. Mfano ni masimulizi ya Franz Kafka (1883–1924), mtungaji wa Prague aliyeandika kwa Kijerumani, ambayo kwa lugha yetu twaweza kuyaita “Wasiwasi wa Mwenye Nyumba.” Yalitolewa mwaka 1919, nayo ni mafupi sana.

Mwenye nyumba aanza na neno “Odradek.” Hawa husema asili yake ni Kislavi, wale husema ni Kijerumani, wala hapana upande uwezao kuonyesha maana. Kisha aeleza kitu chenyewe: mfano wa kibiringo cha uzi, bapa, chenye umbo la nyota, kimezongwa na vipande vya nyuzi kuukuu za rangi mbalimbali. Husimama kwa kijiti upande mmoja na kwa ncha ya nyota upande wa pili, kana kwamba kina miguu miwili. Huonekana darini, ngazini, ukumbini. Kikiulizwa jina, hujibu. Kikiulizwa makao, husema hakina makao maalum, kisha hucheka kicheko cha asiye na mapafu.

Wasomaji wengi wametoa mji wakangoja jibu. Walter Benjamin, mwaka 1934, aliona hapa umbo ambalo vitu hulipata vikisahauliwa. Wengine wameona bidhaa. Sisemi wamepotea. Lakini yafaa tuangalie kwamba Kafka amewaweka wafumbuzi mlangoni mwa kisa, nao washindwa papo hapo mbele ya macho yetu.

Tukiacha kufumbua, twaona jambo lililo wazi katika sarufi yake. Mwanzoni Kijerumani chamtaja Odradek kwa kiwakilishi cha kitu. Mara tu baada ya kusemwa kwamba hakamatiki, kiwakilishi chageuka kuwa cha kiume. Atakayefasiri kwa Kiswahili ana njia nzuri: aanze na “kinasimama,” aishie na “anakaa.” Kitu kimekuwa mtu, wala hapana aliyetangaza.

Basi ndipo wasiwasi uingiapo. Mwenye nyumba ajiuliza: je, aweza kufa? Kila kifacho kilikuwa na kazi, nayo kazi imekichakaza. Odradek hana kazi. Hamdhuru mtu, lakini kufikiri kwamba atabiringika ngazini mbele ya miguu ya watoto na wajukuu, yeye mwenyewe akiwa hayupo, kwamtia karibu uchungu. Uchungu huu hauhitaji ufunguo. Aliyepata kukitazama kinu cha marehemu bibi yake kikiwa kizima uani aujua.

Sisi walimu tuna mazoea ya kuuliza, “Hadithi hii yatufundisha nini?” Kwa hekaya za wanyama swali hilo latosha. Kwa visa vya namna hii huwafanya wanafunzi kubuni funzo ili wapate alama, na kisa chenyewe chabaki hakijasomwa. Afadhali tuanze hivi: “Umeona nini, na ni neno gani lililokushitua?” Majibu yatatofautiana, lakini yatatoka katika maneno yaliyoandikwa, nako ndiko kusoma.